Duka Walilodhani ni la Herman

Katesh

Kaka Herman,

Shikamoo. Pole kwa kumuuguza wifi Lucia huko Haydom. Tumefurahi kusikia ameanza kukaa mwenyewe na kunywa uji. Sisi hatujambo, Mama naye ni mzima kule Nangwa, na mahindi yake yameanza kubeba.

Ningekupigia, lakini najua ningezungumzia mvua halafu ningekata simu.

Ile kampuni ambayo unauza simu zake imefungua duka lake yenyewe hapa stendi, ng'ambo ya kibanda chako. Lina milango ya vioo, na simu zimewekwa wazi mezani ili mtu azishike. Wameniajiri kuuza.

Mwanzoni watu waliishia nje. Mzee Margwe wa Gendabi alisema sakafu ile ni ya kukanyagwa na madaktari. Mama mmoja aliuliza simu ikimharibikia atamfuata nani, kioo? Msimamizi wetu Idd, aliyeletwa kutoka Arusha, akatuambia hali ikibaki hivyo atapunguza wauzaji. Mimi ndiye niliyeingia wa mwisho.

Siku ya mnada Mzee Qamara alisimama mlangoni, akaniuliza duka ni la nani. Nikamjibu ni la kaka yangu Herman, amepanuka. Akavua viatu, akaingia, akawaita wenzake. Wote wanajua hujawahi kubishana na mtu aliyerudisha simu mbovu. Hawakuuliza kingine. Tangu siku hiyo hatupati nafasi ya kukaa.

Habari zilifika Nangwa. Mama aliwatangazia watu baada ya ibada, kisha akaja na kibuyu cha maziwa, akanyunyiza mlangoni kama wazee wanavyofanya kwenye nyumba mpya. Idd alidhani anaibariki kampuni, akapiga picha. Mama alikuombea kwa jina lako, kwa lugha yetu ambayo Idd haijui. Mimi nilimshikia kibuyu, na niliitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote.

Anasema umemficha ili umshangaze, ndiyo maana hakuulizi kwenye simu. Anataka akutanie uso kwa uso. Ameshaniuliza mara mbili ni lini utaandika jina lako juu ya mlango.

Kaka, nimewachukua wateja wako kwa kutumia jina lako, nawe huna hata msumari mle ndani. Kibanda chako kimefungwa, na wanaopita wanasema Herman amehama tu, amevuka barabara.

Jumapili nitamwambia Mama, kisha nitasema pale uwanjani pa kanisa, mbele ya wale aliowatangazia. Ukifika kabla ya hapo, watu watakupa mkono wa pongezi. Usiupokee kwa ajili ya kunisitiri. Waambie duka si lako. Wakiuliza aliyewadanganya ni nani, nitakuwa mlangoni pa duka na fulana ya kampuni. Nionyeshe kwa kidole.

Mpe wifi salamu zangu, umwambie namwombea apate nguvu za safari.

Mdogo wako,
Philomena