Klipu ya Mpira wa Bia

Baba watoto,

Chakula kiko jikoni. Ukifungua friji, usiguse pipa lako la bia kabla hujamaliza kusoma hapa.

Asubuhi, wewe ukikoroma, mpira wa kutolea bia ulichomoka kwenye pipa. Gesi ikarusha bia mpaka darini, nami nimesimama papo hapo na sare niliyotoka kuipiga pasi. Sasa naenda wodini nanuka baa. Mimi, nesi wa zamu!

Nilikwambia mpira hukazwa kwa klipu ya chuma. Ukaufunga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, ukaniambia, "Hii inatosha, usinifundishe kazi." Sikio la kufa halisikii dawa.

Sakafu nimeipangusa kwa jezi yako ya bahati. ~~Samahani.~~ Inafyonza vizuri sana.

Mpira nimeukaza mwenyewe, nikapaka povu la sabuni kuona kama gesi inavuja. Haivuji hata kidogo. Wenzako wakija jioni, watakunywa.

Klipu nimeitoa kwenye mpira wa mafuta wa pikipiki yako. Ule ukanda wa tyubu uliosema unatosha nimekuwekea juu ya tangi. Ukiona hautoshi, miguu unayo.

Mama watoto