Ukurasa wa Kwanza wa Kitabu cha Fimbo

S.L.P. 41,
Malaba.
Tarehe 3 Agosti, 1997.

Mpendwa dada yangu Apolot,

Yoga, dada, nakuamkia kwa Kiteso chetu. Pokea salamu kutoka kwa kila mtu hapa nyumbani: mke wangu, watoto, majirani, na hata yule ng'ombe mwekundu uliyetuachia, ambaye amezaa tena ndama dume. Mama alishikwa na malaria wiki mbili zilizopita, lakini sasa ameanza kugombana na watu wa kisimani, kwa hiyo ujue amepona. Wewe je, huko Lodwar? Joto bado halijakuchosha? Wagonjwa wako bado wanakataa sindano mpaka uwatanie kidogo? Ulipotoka hospitali ya Nangina kwenda huko niliapa kwamba miezi mitatu haitaisha kabla hujarudi. Huu ni mwaka wa tisa, na mke wangu hachoki kunikumbusha.

Dada, nimefunga mlango wa ofisi ili niandike. Madereva wanagonga wanataka makaratasi ya malori yao, wacha wagonge. Umeshinda. Naanza na hilo usije ukasoma barua hii kwa hofu. Umeshinda mbele ya mji mzima, ukapigiwa makofi na wewe mwenyewe hukuwepo. Sasa keti nikueleze pole pole, maana unanijua, nikianzia katikati napotea.

Unalikumbuka daftari la fimbo. Najua unalikumbuka. Mwaka wa sitini na nne, Papa, baba yetu, amekaa kwenye gogo anataja mapigo ya fimbo ya wachungaji, na wewe umelala kifudifudi na lile daftari la miraba. Maneno uliyaandika kwa mkono wa kulia, kama mwalimu alivyokulazimisha kwa kiboko. Picha ulizichora kwa wa kushoto, kwa sababu hapo mwalimu hakuwepo. Na kabla ya kila picha ulikuwa unainuka, unashika fimbo wewe mwenyewe, unaitazama mikono yako vizuri, ndipo unachora. Papa alijua mapigo thelathini na mawili. Ulikuwa umefika la kumi na sita daftari lilipopotea, naye hakutaka kukutajia jingine tena. Hilo nitalirudia.

Mwezi wa Mei alifika parokiani mgeni kutoka Ujerumani, dada yake padri wetu. Sisi tunamwita Madam Renate. Alipitia Uganda na katoni nzima ya fotokopi, na afisa wa forodha alipoifungua akakuta picha za wanaume wanakatana kwa mapanga, ukurasa baada ya ukurasa. Akataka maelezo. Niliitwa mimi nisaidie, na ndivyo tulivyofahamiana. Kumbe kazi yake ni kusoma vitabu vya kale vya kwao, vilivyoandikwa kwa mkono miaka mia sita iliyopita, vya kufundisha kupigana kwa upanga. Kila picha ina watu wawili, na kando yake maelezo ya nani afanye nini. Afisa alisikiliza mpaka akasahau chai yake.

Alinieleza kwamba shida ya vitabu hivyo ni kwamba vingi havisemi vimeandikwa na nani. Bwana aliyefundisha anatajwa na kusifiwa, lakini yule aliyekaa akaandika, akachora, akachafua vidole kwa wino, hajulikani. Kuna kimoja amekitafutia mwandishi kwa miaka kumi na moja. Nilimwuliza mtu anamtafutaje marehemu wa miaka mia sita. Akasema unaangalia makosa. Anayenakili hunakili na kosa, kwa hiyo kosa lililomo katika nakala zote limetoka kwa yule wa kwanza, na hapo unaanza kumjua ni mtu wa namna gani. Nilicheka siku hiyo. Sikujua ananifundisha kitu cha kunitoa jasho.

Basi mwezi wa Juni vijana wa huku wakacheza fimbo uwanjani, siku ya michezo. Madam Renate alitazama kidogo, akanishika bega akaniuliza mbona wote wanapigia kushoto. Dada, miaka yote hiyo mimi sikuwa nimeona. Vijana arobaini, na kila mmoja ameshika fimbo kwa mkono wa kushoto. Tukawauliza wazee, nao wakatueleza bila kupepesa macho kwamba hiyo ni desturi yetu sisi Iteso tangu zamani, ya kumchanganya adui. Mmoja akaongeza hata jina la vita vyenyewe. Tulipowauliza vijana wamejifunza wapi, wakasema kitabuni.

Kumbe daftari lako halikupotea, lilikuwa linatembea. Tulipata nakala tatu huku kwetu, zimenakiliwa kwa mkono, na ya nne tukavuka mto tukaipata Tororo. Moja ina picha mbaya mpaka mtu anaonekana amepanda fimbo. Lakini zote zina mapigo kumi na sita, hakuna la kumi na saba, na zote zinapigia kushoto. Hakuna iliyo na jina la mwandishi. Huko Tororo ndiko tulikoonyeshwa pia daftari la kwanza, la miraba, limefungwa kwenye karatasi ya nailoni na mzee mmoja aliyelitunza kuliko hati ya shamba lake. Nililitambua kabla halijafunguliwa. Madam Renate akalifungua, akapitisha kidole mwanzoni, akasema ukurasa wa kwanza umechanwa, na kwamba aliyeuchana hakutaka mwandishi ajulikane. Mimi nikasema jua limekuwa kali, turudi.

Hapo ndipo mashindano yalipoanza. Kamati ya utamaduni iliamua kukichapisha kitabu, kigawiwe shule zote, na jina la mwandishi liwe kwenye jalada. Mama alisema siku ile ile kwamba mwandishi ni Apolot, alimwona kwa macho yake. Lakini Diwani Echodu akasema hapana, kitabu ni cha marehemu baba yake, kwani jina la baba yake si limo ndani? Na kweli limo. Wewe mwenyewe uliliandika katika orodha ya walimu wa fimbo, la kwanza kabisa, kwa sababu Papa alimheshimu. Huu ni mwaka wa uchaguzi, dada, na jina la Echodu kwenye vitabu vya shule zote si kitu kidogo. Diwani alisema kwa upole kwamba mama yeyote atamsifia mtoto wake, ila yeye hajaona msichana wa darasa la sita anayeijua fimbo. Wanaume wakatikisa vichwa kukubali. Mama alirudi nyumbani akalala bila kula.

Utauliza mbona sikukuandikia wakati huo uje ujisemee. Ni swali la haki. Jibu lake liko chini.

Mkutano wa kuamua ulikuwa Jumamosi, tarehe ishirini na sita, katika ukumbi wa parokia. Mwenyekiti ni Mwalimu Akurut, yule aliyestaafu, na hataki mchezo. Watu walijaa mpaka madirishani. Diwani alizungumza vizuri, siwezi kumnyima hilo. Kisha Madam Renate akaomba nafasi, na mimi nikatafsiri. Alisema hata huko kwao kuna kitabu ambacho watu humpa mtu fulani kwa sababu tu jina lake limo ndani, na yeye haamini, kwa sababu kutajwa si kuandika. Akasema aliyeandika hiki alichora mikono yake mwenyewe, na mikono hiyo ilikuwa ya mtu wa shoto. Akapitisha pia fotokopi moja kutoka katika kitabu cha zamani sana, ambamo kurasa zote ni padri na mwanafunzi wake wanapigana, kisha mwishoni anatokea mwanamke na upanga, anapigana na padri huyo huyo. Akina mama walipoiona picha ile, ukumbi ulichukua muda kutulia.

Lakini Diwani si mtu wa kushindwa upesi. Alisema baba yake pia alikuwa wa shoto, na kama kuna asiyeamini aende kaburini akamwulize. Watu wakacheka, na niliona kabisa kicheko kile kinambeba. Akataka kura zipigwe. Mwalimu Akurut akauliza kama kuna mwenye neno la mwisho. Mama, aliyekuwa mstari wa mbele, aligeuka akanitazama. Hakuwa anajua lolote, alinitazama tu kama mtu anavyomtazama mwanawe. Miguu yangu ikasimama yenyewe.

Nikatoa bahasha kwenye koti. Ndani yake ulikuwa ukurasa wa kwanza. Nilimpa mwenyekiti, akauweka kwenye lile daftari, ambalo mzee wa Tororo alikuwa amelileta mwenyewe, na pale palipochanwa pakashikana na karatasi yake, jino kwa jino, mpaka mistari ya miraba ikaungana. Akavaa miwani akasoma kwa sauti: Kitabu cha Fimbo. Maneno ni ya Ikapel. Ameandika na kuchora Apolot binti Ikapel, darasa la sita. Kisha akaugeuza. Umesahau ulichochora nyuma? Kuna mtoto mwenye tumbo, ameshika fimbo, na chini umeandika: Huyu ni Emorut, bado hajui kushika. Madam Renate aliukaribia akautazama, akapiga kelele kwa Kijerumani. Katika kitabu chote, mtoto huyo peke yake ndiye aliyeshika fimbo kwa mkono wa kulia. Wengine wote uliwachora kwa kujitazama wewe. Mimi ulinichora kwa kunitazama mimi.

Makofi yale, dada, nadhani yalisikika mpaka Uganda. Mama alipigiwa vigelegele mpaka akaanza kucheza na goti lake bovu. Lakini Mwalimu Akurut alingoja watu watulie, akaniuliza mbele ya wote ukurasa huu nimeutoa wapi. Nikawaambia. Sasa nakuambia wewe, ambaye ulistahili kuambiwa kabla yao.

Ni mimi niliyeuchana. Nilikuwa na miaka kumi. Nililichukua daftari bila kukuambia, nikaenda nalo malishoni kujionyesha, na wavulana wakaona jina lako. Walicheka mpaka wakakaa chini: Emorut anafundishwa kupigana na msichana. Kesho yake nikachana ukurasa, nikawaambia nimechunguza, kitabu ni cha mtu mkubwa asiyejulikana. Papo hapo kila mtu akakitaka. Mkubwa wao akakiazima kwa siku mbili, na siku mbili hizo zimekuwa miaka thelathini na mitatu.

Papa alipokuuliza daftari liko wapi, nilikuwa nimekaa pale pale nakula viazi. Ukasema hujui, na kweli hukujua. Akasema mtu anayepoteza maneno ya wazee hapewi mengine. Nikaona unalia. Nikaendelea kula. Papa alikufa mwaka wa sabini na moja akiamini ni wewe uliyepoteza, na mimi nilibeba jeneza huku nikijua. Ukurasa ule ulikuwa chini ya gazeti nililotandika ndani ya sanduku langu la bati la shule. Mara nyingi nilitaka kuuchoma. Nilishindwa kwa sababu ya ile picha ya nyuma. Ndiyo maana sikukuandikia uje. Niliogopa uso wako kuliko ukumbi mzima.

Nikamaliza kusema. Mama akainuka, akatembea polepole mpaka nilipo, akanishika sikio akalipinda, mimi mwanamume wa miaka arobaini na mitatu, mbele ya diwani na padri. Kisha akanikumbatia akalia. Diwani Echodu naye alionyesha uungwana ambao sikuutarajia. Alikuja akampa Mama mkono, akaomba kitu kimoja tu, jina la baba yake libaki ndani pale ulipoliandika. Nilimjibu kwa niaba yako kwamba litabaki. Kama nimekosea, hilo pia utanihesabia.

Kitabu kinachapishwa mwezi ujao. Jalada litakuwa na maneno yako yale yale, pamoja na darasa la sita, Mwalimu Akurut amekataa yaondolewe. Na vijana wameulizwa kama watahamia mkono wa kulia sasa kwa kuwa wamejua. Wamekataa katakata. Wanasema hiyo ndiyo fimbo ya Apolot.

Madam Renate atafika Lodwar tarehe ishirini. Anasema katika kazi yake yote hajawahi kumkuta mwandishi akiwa hai, na anataka kukushika mkono, ule wa kushoto. Mumpikie vizuri, anapenda samaki. Mwandishi wake yule anayemtafuta kwa miaka kumi na moja bado hajampata, lakini siku ile ya Jumamosi ungedhani amempata.

Dada, usiharakishe kunisamehe kwa ajili ya furaha hii. Kasirika kwanza, una haki. Ila kuna jambo Mama ameniambia juzi. Anasema baada ya daftari kupotea ulikuwa unamfuata Papa malishoni kwa siri, unajificha kwenye vichaka, unamtazama akiwafundisha wengine yale mapigo kumi na sita yaliyobaki, kisha unarudi unayafanya peke yako nyuma ya jikoni. Kama ni kweli, basi hayakuzikwa na Papa. Ndani ya kifurushi hiki nimekuwekea daftari jipya la miraba na penseli mbili. Ukurasa wa kwanza nimeuacha wazi, ujaze wewe, na safari hii sitauona mpaka uwe umechapishwa.

Wasalimie shemeji na watoto, na uwaambie mama yao ni nani. Mama anasema ule vizuri na upunguze zamu za hospitali. Sisi tunakungojea hapa, na ukija utalakiwa na vijana arobaini wa shoto.

Ni mimi mdogo wako, ambaye bado hajui kushika,

Emorut Ikapel.