Nati ya Kerezo

Kiponda,
Unguja Mjini.
9 Novemba, 1955.

Mpendwa mdogo wangu Jecha,

Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaiandika, marahaba. Nakuletea salamu nyingi za mapenzi na za shauku, nikitumai kuwa baridi ya huko Cardiff haijakuingia mifupani na kwamba kile kikohozi ulichokitaja kimekwisha. Je, unakunywa tangawizi? Ile niliyokutumia usiwagawie mabaharia wote, maana naujua mkono wako.

Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Maulidi tumeyasoma salama mwezi huu, na halua ilitosha. Mwanangu Mwatum amerefuka mpaka gauni lake la Idi limekuwa la kuchezea uani. Shemeji yako Mcha hajambo, ila magoti. Mama naye hajambo kwa umri wake. Macho yamepungua na meno yamekwisha, lakini ulimi uko pale pale.

Blanketi na saa ya kengele vimefika. Blanketi Mama amelikunja kichwani mwa kitanda. Kwa joto hili hajifuniki, hulipapasa tu akiwa amekaa. Saa ndiyo yenye kisa. Ikilia asubuhi, Mama huitika, "Naam," kisha husikiliza kitakachofuata. Nimemweleza kuwa ile ni saa, na yeye anajua vizuri kuwa ni saa. Kesho yake huitika tena. Jecha, tangu uondoke tumepata kutoka kwako kila kitu isipokuwa wewe mwenyewe, na mimi nakwambia wazi kwamba jambo hili linaniuma.

Sasa nije kwenye kishikio cha kerezo, ulichotuuliza. Kerezo la kuzungushia mti na kuuchonga unalolikumbuka wewe ni lile la uta, Mcha amekaa sakafuni, mkono mmoja unavuta uta, mwingine unashika patasi pamoja na vidole vya mguu. Siku hizi ana kerezo la chuma. Fundi mmoja wa Mkunazini alihamia Dar es Salaam akamwachia, na sasa limesimama ukumbini kwetu, chini. Linapigwa kwa mguu kama cherehani na Mcha hulifanyia kazi akiwa wima, magoti yamepumzika.

Ungeliona alasiri, jua likiingia dirishani na maranda ya mti yakimwangukia miguuni. Mimi hukaa ngazini na ungo wa mchele, nikasahau mchele. Mti ukizunguka kwa haraka hauwi mti tena, unakuwa kivuli cha kitu ambacho bado hakijaamua kiwe nini. Mara naona shingo ya mrashi, mara naona mnara, siku moja niliona kabisa bega la marehemu Baba alivyokuwa akiegemea mlango. Kisha Mcha huinua mguu, kikasimama, nikaona ni tendegu la kitanda. Nimeunguza wali zaidi ya mara moja, na Mcha anasema kerezo hili limemfanya mkewe mshairi asiye na shairi.

Ila lina upungufu mmoja. Linaushika mti kwa ncha mbili, huku na huku, kwa hiyo matendegu yanatoka, lakini kitu cha kuchimbwa ndani hakitoki, maana ncha ya pili inaziba mahali pa kuchimba. Na Mama anataka kinu.

Kinu chake cha kutwangia tambuu kilipasuka Ramadhani iliyopita, na mtu asiye na meno akikosa kinu, popoo ndiyo basi tena. Mcha alimchongea kingine kwa mkono. Mama alitia kidole ndani, akakizungusha polepole, akasema popoo itakimbilia pembeni. Kinu cha mviringo kina pembe wapi, mimi sikuiona, lakini kidole chake kiliiona. Ndiyo maana tunataka kishikio, kile kichwa cha chuma chenye taya, kitakachouma mti upande mmoja tu na kuuacha upande wa pili wazi.

Ulipoandika kwamba dukani huko kuna cha taya tatu na cha taya nne, na kwamba tuchague kimoja ukitume, Mcha alikaa barazani kama mtu aliyeletewa posa. Alishika finjani kwa vidole vitatu, kisha kwa vinne. Alishika chungwa. Alishika kifundo cha mkono wa Mwatum mpaka mtoto akacheka. Jirani yetu Bi Mwanakhamis aliniita pembeni akaniuliza kwa upole kama mume wangu amepatwa na jambo.

Taya tatu alizipenda kwa wepesi. Anasema unazungusha ufunguo mmoja, zote zinakuja pamoja, na mti unajikuta katikati wenyewe. Lakini zinataka mti uliokwisha kuwa mviringo. Taya nne kila moja ina skrubu yake. Unasogeza hii, unarudisha ile, unazungusha kwa mkono uone kama mti unayumba, unaanza tena. Zina kazi, lakini zitashika hata mti uliopinda. Kwa siku kadhaa nilidhani zile tatu zitashinda, maana mume wangu naye hapendi taabu akiweza kuikwepa.

Aliyekata shauri ni Mama. Mcha alikwenda Kidichi kwa Ami Hija kutafuta mti mgumu wa kinu. Mikarafuu mingi kule imekauka kwa maradhi, na mmojawapo ni ule uliokuangusha ulipokuwa mdogo ukavunjika mkono. Ulikwisha kukatwa. Mcha akarudi na kipande cha gogo lake, kizuri, kizito, ila kina nundu ubavuni. Ami Hija alimwonyesha kuwa nundu ni pale lilipovunjika tawi lako. Mti ulipafunika wenyewe.

Mcha akachukua shoka aiondoe ile nundu, kipande kiwe mviringo kiingie kwenye taya tatu. Mama alikiomba kwanza akishike. Alikipakata, akakipapasa mpaka vidole vikafika pale, akasema, "Hapa msipaguse. Hapa ndipo mwanangu alipokamata." Mcha akaliweka shoka chini. Kwa hiyo kinu kitachimbwa juu, na nundu itabaki chini kwenye kitako, na chuma cha kuishika hakina budi kiwe cha taya nne. Hilo limekwisha.

Limebaki la kipimo. Kishikio kinafungwa kwenye pua ya kerezo kama kifuniko cha chupa, na ile mizingo yake, hesi, isipolingana na yetu, kitakuwa chuma cha kuzuilia mlango. Sisi hatuna kifaa cha kuipimia. Mcha akakandamiza pua ile kwenye mche wa sabuni, ikatoka alama safi ajabu, kila mzingo unauona. Akaiweka kando ya kisima ikauke, na Mwatum akaifulia kanzu. Kanzu ilitakata sana. Akajaribu nta, na kufika alasiri nta imelala kama mtu aliyeshiba pilau.

Juzi akaja yule baharia Mkadam kutuaga, maana meli yao inaondoka kurudi huko. Walikuwa wakinywa kahawa, Mcha akanyanyuka, akachukua spana, akaifungua nati ya kwenye pua ya kerezo na kuifunga kwenye kipande cha kanga. Ndiyo hiyo aliyokukabidhi Mkadam pamoja na barua hii, ukubwa wake kama finjani. Dukani mwambie muuzaji atafute bolti inayoingia kwenye nati hii bila ya kulazimishwa. Kishikio kitakachoikubali bolti hiyo hiyo ndicho chetu.

Lakini, Jecha, nati hii ndiyo inayokaza ile ncha yenye meno inayouma mti. Bila ya nati kerezo halifanyi kitu, na Mcha alikwisha kuzunguka Darajani nzima, nyingine ya kuingia pale haipo. Nilimuuliza mbele ya Mkadam sasa atafanya kazi vipi. Akanijibu akiwa anamalizia kahawa yake, "Sitofanya. Ntakaa nimsubiri mwenye nati."

Alikuwa anasema hivyo tu, kwani kazi haisubiri. Kuna samadari ya arusi ambayo matendegu yake yanatakiwa, na tangu jana amerudi sakafuni kwenye uta. Akiinuka, magoti yake nayasikia nikiwa juu dari. Namsugua mafuta ya karafuu, naye hanung'uniki. Ananiambia anavyokujua wewe, ungeombwa kishikio ungetuma kishikio, na ungeombwa nati nyingine ungetuma nati. Kwa hiyo ameona akutumie yake, akupe sababu ya kuirudisha.

Mama sijamwambia habari ya nati. Anachojua ni kwamba kerezo limenyamaza. Ikifika alasiri hugeuza shingo upande wa ukumbini, na jana aliniuliza kuna nini. Nikamwambia kuna kitu kinasubiriwa. Akaitikia kwa kichwa kama aliyekwisha kujua, akarudi kulipapasa gogo lake, ambalo hataki liondoke kitandani.

Basi usikitie posta hicho kishikio, wala usimpe Mkadam, wala baharia mwingine yeyote hata awe mwema vipi. Panda nacho meli. Ramadhani itaingia Aprili, na ukianza kuuliza meli sasa utaiwahi. Mama ni mtu mzima, Jecha. Ninaandika neno hili polepole ili nawe ulisome polepole.

Ami Hija wa Kidichi anakusalimu, anasema mkarafuu umekufa na wewe upo, kwa hiyo hana kinyongo tena. Bi Mwanakhamis anakusalimu na kukuuliza kama huko kuna uji. Mwatum anambusu mjomba ambaye hamkumbuki vizuri. Shemeji yako hakutuma salamu, ametuma nati.

Mola akulinde juu ya maji na juu ya nchi kavu, akufungulie njia, akutoe kwenye ukungu huo akufikishe kwenye mlango unaoujua.

Itie nati mfukoni mwa koti, si ndani ya sanduku. Ukitembea itagongana na funguo zako na kulia kidogo. Ukiisikia, itika naam.

Mimi wako akupendaye,
dada yako,
Shemsa