Papa, Siku Ulipowapiga Vijana Wako

Papa yangu,

Hapa Kalemie wanakuita shujaa. Wanasema uliuawa na maadui. Mimi nilikuwepo, kwa hiyo nakuandikia wewe kwanza, kabla sijasema mbele yao.

Nilikuwa na miaka tisa ulipomvunja taya yule bondia wa Kongolo ukawa bingwa. Damu yake ilinirukia kwenye gauni, nikalia. Ukanibeba mabegani huku unacheka. "Usiogope, mwanangu. Huu njo muchezo. Kengele ikilia, tunaacha."

Miaka ikapita, ukagombea udepite, kiti cha bunge, na huko hakukuwa na kengele. Mpinzani wako alikuwa Papa Kisimba, mwalimu wa watu wote pale mtaani. Kwenye mkutano wa mwisho ulivua shati, ukakunja ngumi: "Huyu tutamuvunja, yeye na nyumba yake!" Uwanja ulilipuka. Hata mimi nilipiga makofi.

Alasiri ileile vijana wako wa kampeni walikwenda kwake kuvunja kweli. Habari zikatufikia; tulipofika mbio, mimi nawe, paa lilikuwa linawaka. Papa Kisimba alikuwa chini mlangoni, mkono wa kuume umebaki kuning'inia kwa ngozi. Ukawapigia kelele waache.

"Papa, si wewe njo ulisema?" mmoja akakuuliza.

Ukampiga. Akaanguka. Wa pili akatema meno. Wa tatu alikuwa na panga, akakukata shingoni. Ulijitupa juu ya Papa Kisimba, ukamfunika, nao wakaendelea kukata mgongo wako mpaka sauti yangu ikakauka kwa kupiga mayowe.

Walipokimbia, ulifia mikononi mwangu. "Mimi njo niliwatuma," ulisema. Hukusema kingine.

Sasa chama chako kinataka nigombee nafasi yako. Vijana walewale watakuja mkutanoni kuimba jina lako. Jana nilikwenda kwa Papa Kisimba. Anajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto.

"Utawaambia nini?" aliuliza.

"Maneno yake ya mwisho. Na kwamba nilipiga makofi."

"Watakuua, mutoto."

"Najua wanavyoua."

Akasema tutakwenda pamoja.

Nakupenda, Papa, na bado nina hasira nawe. Vyote viwili vinakaa kifuani mwangu. Mkutano ni leo. Papa Kisimba ameshafika, yuko mlangoni, amevaa koti.

Pumzika, nami niende.

Binti yako wa kwanza