Beji Zilizotundikwa Juu ya Kitanda

MAELEZO YA SHAHIDI

Yameandikwa kituo cha polisi, Voi, siku ya Ijumaa tarehe 12 Agosti 1994, kuanzia saa tatu na dakika ishirini asubuhi.

Jina: Mwanarusi Jaffar
Umri: miaka 41
Kazi: muuza chakula
Dini: Mwislamu
Makao: kibandani kwake, njia ya Taveta, mkabala na kiwanda cha zamani cha mchanga. Kwa sasa yuko kwa dadake, Voi mjini.
Lugha: Kiswahili

Mimi ndiye mwenye jina hilo. Nimekuja kwa miguu yangu, sikuitwa na mtu. Nimekuja kwa sababu mmemweka ndani Owino, kibarua wa kile kiwanda, na yasemwa kwamba aliziharibu beji za kupimia sumu makusudi ili alipwe fidia. Si kweli. Beji hizo zilikuwa kwangu, na kilichoziharibu nakijua.

Kiwanda chenyewe kiko kilomita sita kutoka stesheni, upande wa reli ya Taveta. Nilipokuwa msichana, wazungu walikuwa wakisafisha mchanga mzito pale na kuutia kwenye mapipa uende ng'ambo. Wakaondoka, sisi tukabaki tukilisha mbuzi mle ndani. Mwaka huu, mwezi wa tatu, ikaja kampuni kutoka Nairobi, ikazungusha seng'enge, ikasimamisha mabango ya manjano, ikaandika vibarua arubaini. Kazi yao ni kubomoa matangi na tanuri la zamani, kukwangua udongo wa juu na kuufungia kwenye mapipa, kwa maana ule mchanga uliacha sumu isiyoonekana wala kunuka. Wenyewe waiita mionzi.

Mnamo tarehe 11 Aprili nilifungua kibanda, mita mia mbili kutoka getini. Ni cha mabati, kina vyumba viwili. Mbele nauza chai, mahamri, mbaazi, na mchana wali. Nyuma nalala mimi na mwanangu Firdaus, mwenye umri wa miaka mitatu. Babake, Ayub, alifariki mwaka juzi. Tuko wawili tu.

Kila kibarua alipewa beji. Ni kijisanduku cha plastiki chenye filamu ndani na namba juu, huvaliwa kifuani. Kila baada ya wiki nne zakusanywa na kupelekwa Nairobi kusomwa. Ikionekana beji imepita kiwango, mwenyewe hupumzishwa miezi mitatu bila malipo. Mwezi wa sita Kituku, mwenzao Owino, alipumzishwa hivyo. Alikuwa mzima kama mimi na wewe, afande, lakini alirudi kwao Kibwezi na blanketi kwapani.

Wenzake wakaogopa kumwaga unga. Siku ya Jumatatu tarehe 4 Julai, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, walipokuja kunywa chai, Owino alivua beji yake akaniambia, "Mama Firdaus, uko na mahali naweza weka hii, penye hakuna moshi?" Nikamwambia hicho ni kitu cha kuvaliwa, si cha kuwekwa. Akasema, "Hii ni macho ya kampuni. Mimi niko na watoto wanne shule." Nikaipokea. Nilijua ni kosa na sikulazimishwa.

Kufika Jumatano nilikuwa na beji kumi na mbili. Chumba cha mbele kina moshi na mafuta ya mahamri, nao walisema filamu haitaki joto. Basi nikapiga misumari chumba cha nyuma, kwenye ubao ulio ukutani juu ya kitanda cha Firdaus, nikazitundika. Ya Owino, namba 14, ndiyo iliyotangulia, nikaitundika chini kabisa, usawa wa mto. Zilikaa pale usiku na mchana. Wenyewe walizivaa Jumatatu asubuhi tu, wakati msimamizi, Bwana Donald, akikagua getini. Saa nne, wakati wa chai, zilikuwa zimesharudi kwangu. Firdaus alipenda kuzihesabu. Anafika tatu, kisha anaanza upya.

Hapa afande amenisimamisha na kuniuliza lile gunia ambalo askari wa geti alimwona Owino akilitoa ndani ya seng'enge tarehe 28 Juni lilikuwa na nini. Nilitaka kulifikia baadaye, lakini nalisema sasa. Lilikuwa na matofali manne. Juzi alasiri Philister, mkewe Owino, alikuja kunisihi nisiyataje, kwa kuwa kutoa kitu ndani ya seng'enge ni kosa jingine na mumewe ana la kwanza tayari. Nilimwambia nisipoyataja, maneno yangu hayatakuwa na kichwa wala miguu.

Matofali niliyaomba mimi. Mchwa walikuwa wamekula miguu ya kitanda cha mtoto, na ardhi ya pale yote ni mchwa. Niliwaona vibarua wakilibomoa tanuri, wakitoa matofali mazito, yaliyoiva kwa moto wa miaka, yasiyomomonyoka kama haya yetu ya kufyatua. Nilimwomba Owino mara mbili akakataa. Alisema vitu vya ndani ni vya ndani. Mara ya tatu nikamwambia mtoto ameanguka na kitanda akaumia bega. Firdaus hakuwa ameanguka. Nilitunga ili anihurumie, na alinihurumia.

Akaniletea manne. Nikayasugua kwa sabuni na maji mengi, nikaweka moja chini ya kila mguu wa kitanda. Kitanda kikatulia. Mchwa hawakupanda tena, nami nilifurahi, siwezi kusema uongo. Nilimwekea Owino mahamri mawili ya ziada.

Mnamo tarehe 1 Agosti beji zilikusanywa, zikapelekwa Nairobi. Beji mpya zilikuwa hazijafika, kwa hiyo misumari yangu ilibaki mitupu. Majibu yakaja Jumanne tarehe 9. Saa moja asubuhi Bwana Donald aliwapanga vibarua getini akasoma namba. Beji kumi na mbili zilikuwa zimepita kiwango, na namba 14 ilikuwa imepita mara tisa. Nyingine zote zilikuwa sawa. Kazi ya Owino ni kuosha mapipa matupu kule nje kabisa, mahali pasafi kuliko pote. Bwana Donald akasema haiwezekani, huyu ameilaza beji yake juu ya kitu chenye sumu, na wenzake vilevile. Askari wa geti ndipo akalikumbuka gunia. Saa tano polisi wakaja wakamchukua Owino.

Nilikuwa nakanda unga nilipoletewa habari. Kwanza nilicheka. Nilisema mashine za Nairobi zimekosea, maana beji zimekaa kwangu mwezi mzima, na kwangu hakuna mionzi. Nilikaa na wazo hilo mpaka adhuhuri. Nikaingia chumba cha nyuma kumlaza Firdaus. Nikaitazama ile misumari, kisha nikatazama chini, nikayaona matofali.

Nilimbeba mtoto nikatoka naye nje. Nikaketi juani juu ya ndoo iliyopinduliwa, yeye mapajani, na wali ukaungua jikoni sikuinuka. Wateja waliniita wakachoka, wakaenda zao. Niliogopa, afande. Sikuogopa hivyo hata siku Ayub alipofariki, maana siku ile lililokuwa la kuja lilikuwa limeshakuja. Jioni hiyo tulihamia kwa dada yangu mjini.

Mnamo tarehe 11 Agosti, yaani jana, saa mbili asubuhi, nilimngoja getini binti mmoja aitwaye Emily. Yeye ndiye atembeaye na chombo cha kupimia. Nikamwambia, "Mwanangu, njoo na chombo chako kwangu." Alinitazama usoni akaja. Pale mlangoni kililia taratibu, kama bomba linalovuja. Alipokaribia kitanda milio ikashikana ikawa mmoja. Akaniuliza, "Mama, kichwa chake huwa upande gani?" Nikamwonyesha mto. Akazima sauti ya chombo, akawa anasoma kwa macho tu na kuandika. Kalamu ilimwanguka mara mbili. Nilimwonea huruma, ni mtoto wa watu naye.

Saa sita walikuja watu wenye glavu wakayachukua matofali kwenye pipa lenye kifuniko, pamoja na kitanda, godoro na kanga yangu niliyokuwa nikimfunikia. Kibanda kimetiwa kufuli. Sidai chochote kwa hayo.

Nilimwuliza Emily mtoto amepata kiasi gani. Akasema kwa kupima leo hawezi kunipa jibu. Chombo chasema hapa leo pana nini, hakisemi mtu aliyelala hapa alichukua nini. Nikamwambia beji zilikuwa hapo ukutani, wiki nne, usiku na mchana. Akaniambia, "Basi ile namba 14 ndiyo kipimo chake, Mama. Hakuna kingine." Alisema daktari atakayemwona Firdaus, mwaka huu au akiwa mtu mzima, ataanza kwa kuuliza hesabu hiyo.

Saa nane mchana nikaenda ofisini kwa Bwana Donald, nikamweleza yote kama ninavyokueleza wewe. Hakunifokea. Alinipa kiti. Akafungua kitabu chake akasema kwamba kama beji hazikuvaliwa, Owino hana kosa la kuziharibu, na yuko tayari kuondoa mashtaka hayo nikiandikisha maelezo kituoni. Ila hesabu zote kumi na mbili zitapigwa mstari, kwa maana kitabu ni cha miili ya wafanyakazi, na beji iliyotundikwa ukutani haina mwili. Nikamwambia ina mwili, nao una miaka mitatu. Akasema, "Mama, pole sana. Mtoto si mfanyakazi wetu. Hana namba."

Nikamwuliza kama aweza kumwandika hata pembeni, kwa penseli. Akasema kitabu hicho hukaguliwa. Nikaondoka.

Philister alikuwa ameketi nje ya geti, na mtoto wake mdogo mgongoni. Aliniuliza kama nitakuja kusema. Nikamwambia nitakuja. Hakunishukuru, nami sikutaka shukrani yake, maana tangu nitoke kwa Bwana Donald nilikuwa napima moyoni kama nitakuja au nitajikalia kimya. Nikinyamaza, Owino anabaki ndani na hesabu inabaki kitabuni kwa jina lake. Nikisema, anatoka na hesabu inafutwa. Nilipima hivyo mpaka asubuhi hii. Sitaki kuandikwa kuwa mtu mwema kuliko nilivyo.

Basi nimesema. Mwachilieni Owino. Beji aliivua kwa kuogopa watoto wake walale njaa, na matofali aliyatoa kwa uongo nilioutunga mimi. Kama kuna kesi ya matofali, niandikeni mimi. Nilimwomba mara tatu, yeye alikataa mara mbili.

Lakini namba 14 ya mwezi wa saba isifutwe. Ni kweli si ya Owino. Wala si ya ukuta. Mwanangu alilala pale siku ishirini na nane na beji hiyo ikiwa karibu na kichwa chake kuliko nilivyo karibu nawe hapa mezani, na siku nyingine kumi na nne, kabla na baada, ambazo hakuna beji iliyoziona. Naomba jina la Owino litolewe, na pale lilipokuwa liandikwe jina la Firdaus. Sitaki liandikwe kwa penseli.

Nimesomewa maneno haya mwanzo hadi mwisho. Yote ni yangu, sina la kuongeza wala la kupunguza.

Sahihi: Mwanarusi Jaffar

MAANDISHI YA OFISA

Mimi, Koplo Zephaniah Mghanga, nimeyaandika maelezo haya kwa mkono wangu na kumsomea shahidi kwa Kiswahili, lugha anayoielewa. Yamemalizika saa tano na dakika tano asubuhi. Hakutishwa wala kuahidiwa kitu.

Nimemfahamisha shahidi kwamba polisi hawana uwezo juu ya kitabu cha kampuni. Alisema amesikia, akabaki ameketi.

Mshukiwa Owino ameachiliwa saa sita kasoro robo, baada ya mlalamikaji, Bwana Donald, kuarifiwa kwa simu. Suala la matofali limeachwa wazi.

Beji namba 14 na karatasi yake ya majibu, zilizoletwa kituoni na mlalamikaji tarehe 9, nimezichukua kuwa vielelezo. Hazitarudishwa wala kubadilishwa bila amri ya mahakama. Kwenye lebo ya kielelezo pana nafasi ya jina la aliyekuwa na kifaa. Nimeandika kwa wino: Firdaus Ayub, miaka mitatu.