Dirisha Nililolirudisha kwenye Gari la Baba

Jumamosi, Mutakura. Joto limeamka kabla yangu, na mawingu yamekaa juu ya mji bila kuleta mvua. Nina hasira. Naandika ili nisije nikapasuka mbele ya watu.

Leo nimemaliza dirisha la gari la Baba.

Ni gari dogo la Kifaransa, la zamani, lile ambalo vioo vya milango havishuki, unavisukuma pembeni. Baba alilifanyia kazi ya teksi ujana wake wote. Kisha kutu ikala reli ya kioo kwenye mlango wa dereva, kioo kikadondokea ndani, injini nayo ikazima, gari likabaki uani na kuku wakahamia. Kaka yangu Issa, anayekaa Kibenga, upande wa pili wa mji, alisema liuzwe kama chuma chakavu. Mimi nikasema litatembea.

Siku za kazi niko bohari, Zone Industrielle, kule kwenye viwanda. Jumamosi zangu zote zimeishia kwenye gari hilo. Injini ilikubali mapema. Dirisha ndilo lililonitesa. Nilikwangua kutu hadi vidole vikatoka damu, nikapaka rangi, nikafunga reli mpya na kuitandika kitambaa laini ndani ili kioo kisigonge. Leo asubuhi nilipaka mpira unaoshika kioo maji ya sabuni, nikaingiza kioo kwa pembeni, polepole, naogopa hata kupumua.

Kikakaa.

Baba alikuwa kwenye kiti chake akinitazama. Akainuka, akaja kukisukuma mwenyewe, mbele, nyuma, mbele, nyuma, huku anacheka. Sikumbuki lini nilimfurahisha vile.

Halafu akampigia Issa simu.

Issa alifika mchana na shati jeupe. Akaketi kwenye usukani, akafungua dirisha, akatoa kiwiko nje.

"Baba, hii dirisha nani alitengeneza?"

"Fundi," Baba akasema.

Nilikuwa nimesimama hapo hapo, mikono myeusi kwa grisi.

"Ni mimi nilitengeneza."

Issa akacheka, akidhani natania. Baba alitoa ufunguo mfukoni, akampa.

"Chukua, mutoto wangu. Gari ya baba inabaki kwa mutoto mwanaume."

"Na mimi, Baba?"

"We utaolewa. Utapeleka gari yangu kwa watu?"

Nimeshaota mvi. Baba bado anaisubiri harusi hiyo.

Issa akaondoka nalo. Geti nilimfungulia mimi.

Gari lenyewe haliniumi sana. Kama Issa angeniomba, labda ningempa. Kinachoniuma ni jinsi Baba alivyojibu bila hata kusita, kama mtu aliyeandaa jibu siku nyingi. Kumbe wakati wote ule kwenye kiti chake alikuwa anaona aibu kwamba fundi ni binti yake.

Jioni akaniita. Issa amepiga simu, dirisha la upande wa pili limekwama, niende Kibenga Jumamosi ijayo kulitengeneza.

"Apana, Baba. Siendi."

Akanitazama kama hanijui. Sijawahi kumjibu hivyo maishani. Chakula nilichopika hakukigusa.

Kesho asubuhi nitampelekea chai kama kawaida. Sijui nitaingia na uso gani. Akiniuliza tena, jibu ni lile lile.