Mikono Inayonuka Chupa

Jumatatu, 3 Juni 1957

Mume wangu Bushiri amerudi kutoka Iringa na katoni nyingine ya dawa ya Kichina. Mafuta meusi, mizizi imelala chini ndani ya chupa — utadhani maji ya mtaro! Yeye anaiuza dukani, mimi nawachulia wagonjwa uani. Mafuta ya mbarika niliyoachiwa na mama kayamwaga. Eti ya kishamba.

Mikono yangu sasa! Viganja rangi ya tumbaku, vinapasuka, na baridi hii ya Mbeya inazidisha. Nimenawa kwa magadi, kwa limau. Wapi! Leo nimekuta kipande cha ngozi yangu kwenye mchicha. Nimetapika.

Alhamisi, 6 Juni

Bushiri kajipakulia sahani yake peke yake. Miaka yote tumekula sinia moja. Kasema ana mafua. Mafua gani? Asubuhi nilimsikia akiwaambia wateja: mke wangu anaishika dawa hii kutwa, tazameni kazi yake. Mnafiki! Mikono anayoinadi dukani, kwenye chakula inamtia kinyaa.

Na mimi mwenyewe inanitia kinyaa. Hilo ndilo linaloniuma.

Jumapili, 16 Juni

Tusajigwe kaja, yule mama mkulima wa viazi wa mlimani aliyevunjika mkono wa kulia mwezi uliopita. Nilimuunga mwenyewe. Mama alinifundisha: fumba macho, acha vidole vione mfupa. Nikampaka, nikafumba, nikabonyeza. Shwari. Hata hakukunja uso.

"Haiumi kabisa, mama. Dawa yako hii kiboko! Ndaga fijo, asante sana!"

Nikamvua vijiti vya mianzi nilivyomfungia mfupa. Kaondoka anacheka.

Jumanne, 25 Juni

Chai ya moto imenimwagikia vidoleni. Sikusikia! Nimejua nilipoona malengelenge. Nikachukua sindano, nikajichoma kidole kimoja kimoja. Hakuna. Ganzi tupu.

Basi Tusajigwe hakulia kwa sababu dawa ilimtia ganzi na yeye. Na mimi niliona nini nilipofumba macho? Sikuona kitu. Nikadhani mfupa umeunga. Ee Mola, nimemvua vijiti mapema!

Jumatano, 26 Juni

Amekuja. Mkono umepinda juu ya kifundo, jembe haliinuki. Yuko dukani sasa hivi, na wateja wamejaa. Hana kinyongo hata chembe. Namsikia akiwaambia: Mama Mwanakhamisi atanichua tena, utanyooka tu.

Utanyooka wapi! Mfupa ule unataka kuvunjwa upya, uungwe na mtu mwenye vidole. Mimi nina nini? Magamba.

Nimemwambia Bushiri aje chumbani. Kasimama mlangoni, hakuingia — harufu. Nikasema Tusajigwe apelekwe hospitali, na wateja waambiwe kwa nini. Kaniangalia kama mwendawazimu. Eti nisimtie aibu mbele za watu: mpake tu aende zake.

Mpake tu!

Nimejifungia. Nimesugua viganja kwa mchanga hadi damu. Bado vinanuka. Natamani kuvikata nikavitupe jalalani.

Bushiri anagonga. Ameshafungua chupa, naisikia harufu chini ya mlango. Nikitoka nikisema kweli, duka limekwisha. Nikinyamaza, yule mama hatalima tena.

Sasa ni Tusajigwe mwenyewe anaita, sauti ya upole kabisa:

"Mama, njoo basi unishike. Ufumbe macho kama siku ile."